Wanachukua maksi, wanaacha maoni

Mshauri mpendwa,

Salaam. Mimi ni mhadhiri, huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Nafundisha mbinu za utafiti kwa mwaka wa pili, darasa la wanafunzi 180. Nakuandikia usiku, mezani pangu pana ripoti 180 za muhula huu, na sijui kama nizisahihishe kwa namna niliyozoea au niache.

Maksi za somo zimegawanywa hivi: majaribio madogo 10, ripoti mbili 15 kila moja, mtihani wa mwisho 60. Ripoti ina kurasa sita hadi nane. Naisoma yote, naandika pembeni, halafu mwishoni naweka aya nzima ya maoni. Moja hunichukua kama dakika 12, yaani saa 36 kwa ripoti zote, na nina masomo mengine mawili. Ndiyo maana ripoti ya kwanza, ninayoipokea wiki ya 4, huirudisha wiki ya 9. Ya pili naipokea wiki ya 10 na kuirudisha wiki ya mtihani.

Muhula uliopita, mitihani ilipokwisha, nilifungua sanduku lililo nje ya ofisi yangu nikakuta ripoti 74 hazijachukuliwa. Maksi walishaziona, kwa sababu idara yetu hubandika orodha ubaoni: namba ya usajili na maksi, aliyeongoza juu, wa mwisho chini. Na hao waliochukua, nimewaona kwa macho yangu. Mwanafunzi anafunua ukurasa wa mwisho, anatazama namba, anakunja karatasi, anaondoka. Kwenye fomu za kututathmini sisi wahadhiri, mmoja aliandika, "Maoni yake hayaeleweki." Mwingine, "Anatoa maksi anavyojisikia." Yalinichoma, kwa sababu nilikesha kwa ajili yao.

Nilijaribu kuwabana. Nikaanzisha jaribio la kushtukiza kila wiki. Mahudhurio yalipanda, lakini walichofanya ni kukariri. Mtu anakutajia aina za sampuli neno kwa neno, ukimwuliza kwa swali lake la utafiti angetumia ipi, kimya. Kila kipindi lazima mmoja anyooshe mkono: "Mwalimu, hili litatoka kwenye mtihani?"

Kuna jambo linaloninyima usingizi zaidi. Binti mmoja alikuwa akibaki baada ya kipindi na kuuliza maswali mazuri kuliko niliyoyaandaa mimi. Ripoti ya kwanza alipata 34 kwa 100. Alikusanya data vizuri, ila hitimisho lake halikutokana na data hiyo. Nilimwandikia, "Hitimisho dhaifu. Fikiri zaidi." Orodha ilipobandikwa alikuwa wa 171. Wiki iliyofuata akahamia viti vya nyuma, na wiki mbili baadaye hakuonekana tena. Wenzake wanasema masomo mengine anahudhuria. Langu tu ndilo ameliacha, na kwa kuwa si somo la lazima kwa kozi yake, huenda analifuta.

Nimefikiria mambo matatu. Kwanza, nifiche maksi muhula mzima, niwape maoni tu. Pili, niachane na maoni, niweke alama za vema na namba, nilale mapema. Tatu, niongeze majaribio na kuyapa maksi nyingi zaidi. Mkuu wa idara nimemgusia la kwanza akaniambia nawadekeza, kwamba mwanafunzi asiyeogopa kufeli hasomi. Ni mtu ninayemheshimu na aliyenilea kikazi, sipendi kuonekana nampinga.

Niambie, mshauri: ari ya mwanafunzi ni kitu ninachoweza kukiua au kukiamsha mimi, au ni yake mwenyewe?

Mhadhiri mwenye ripoti 180

JIBU

Mwalimu,

Pole kwa usiku huo. Barua yako inauliza kuhusu maksi na maoni, ila nikiisoma mara ya pili naona umebeba mambo matatu kwa pamoja. Umeandika sana na hujasomwa. Umebana ukapata miili darasani bila akili. Na yupo binti mmoja ambaye unahofia ulimfukuza kwa maneno manne. Naomba tuyatenganishe, maana dawa ya moja inaweza kuwa sumu kwa jingine.

Nianze na lile swali linalokuudhi, kama hili litatoka kwenye mtihani. Unalichukulia kuwa dalili kwamba hawapendi kujifunza. Inawezekana. Lakini mtazame aliyeuliza: ana masomo matano, usiku ni mmoja, na asilimia 60 ya hatima yake iko kwenye karatasi ya saa chache. Anachofanya ni kusoma ishara ulizomwekea wewe na idara. Mwaka 1971 Benson Snyder, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi katika chuo cha MIT, Marekani, alieleza jinsi wanafunzi wa pale walivyogundua haraka kazi zipi zinahesabika kwelikweli na zipi ni za kusemwa tu, wakapanga nguvu zao kwa kadiri hiyo. Miaka michache baadaye, watafiti Ference Marton na Roger Säljö wa Göteborg, Sweden, walionyesha kwamba mtu hubadili hata namna anavyosoma maandishi kulingana na maswali anayotarajia kuulizwa.

Kwa hiyo, kabla hujaamua lolote kuhusu wanafunzi, chukua mtihani wako wa mwaka jana na kalamu ya rangi. Pigia mstari kila maksi ambayo mtu angeipata kwa kukariri daftari. Jumlisha. Ikiwa zimefika 40 kati ya 60, basi darasa lako limekuelewa vizuri sana, na hakuna maoni ya pembeni ya ukurasa yatakayoshinda ujumbe huo. Ikiwa ni 15 tu, tatizo ni kwamba hawajui hivyo, na hapo dawa ni rahisi: wape maswali mawili ya zamani wiki ya 2, wayajibu, waone wenyewe kwamba kukariri hakutawavusha.

Dhana ya pili ninayokuomba uitazame upya ni kwamba ripoti 74 zilizobaki sandukuni ni dharau. Mtu ameshaona namba yake ubaoni. Kupita ofisini kwako kuchukua karatasi iliyoandikwa 38 ni kujianika mara ya pili. Na akiichukua, afanye nayo nini? Ya kwanza inamfikia wiki moja kabla hajaleta ya pili, ambayo pengine ameshaiandika nusu. Ya pili inamfikia somo limekwisha. Royce Sadler, mtafiti wa elimu wa Australia, aliliweka hili vizuri mwaka 1989: ili mrejesho, yaani maoni juu ya kazi yake, umsaidie mwanafunzi, lazima ajue kazi nzuri inafananaje, aweze kulinganisha yake na hiyo, na apate nafasi ya kufanya kitu kuziba pengo lililopo. Wewe unatoa nguvu nyingi kwenye hilo la katikati. La kwanza halimo kwenye barua yako, na la tatu kalenda imelifuta.

Sasa njia zako tatu.

Kuficha maksi. Hujakosea kuhisi kwamba namba humeza maneno. Ruth Butler alilipima jambo hili Israeli, matokeo yakachapishwa mwaka 1988: waliopewa maoni peke yake walidumisha hamu ya kazi, ila waliopewa maoni pamoja na maksi walifanana zaidi na waliopewa maksi tupu. Hata hivyo, wale walikuwa watoto wa shule ya msingi. Wako ni watu wazima, baadhi wanategemea ufadhili unaodai wastani fulani, na wanahitaji kujua mapema kama wanazama ili waamue kulifuta somo au kutafuta msaada. Ukificha mpaka mwisho, wengine watakuwa wanakisia usiku kucha, na yule aliyeandika "anavyojisikia" atapata ushahidi wake. Angalia pia kanuni za chuo: vyuo vingi vinadai maksi za kazi za muhula zitolewe kabla ya mtihani.

Ipo njia ya katikati, kuchelewesha badala ya kuficha. Ripoti inarudi na maoni bila namba. Mwanafunzi ana siku tano za kukuandikia nusu ukurasa: nimeelewa nini katika maoni, nitabadilisha nini kwenye ripoti ya pili, na kwa vigezo tulivyopewa nadhani nimestahili maksi ngapi. Akituma, anafunguliwa maksi yake. Kinachoharibika hapa ni mambo mawili. Wako watakaonakili nusu ukurasa wa mwenzao, kwa hiyo dai wataje ukurasa na sentensi ya ripoti yao. Na aliyejikadiria 70 akapata 45 ataumia zaidi kuliko kama asingekisia. Hao hawatakuwa wengi. Chuja majina yao kwa tofauti ya maksi 20 na kuzidi, uwaite wachache wachache.

Kuachana na maoni. Najua umeliandika kwa uchovu, lakini silicheki. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi za mrejesho. Kwa wastani ulisaidia, ila katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo yaliyopimwa ulishusha utendaji. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hudhuru pale unapoiondoa akili ya mtu kwenye kazi na kuielekeza kwenye nafsi yake. "Fikiri zaidi" hufanya hivyo. Orodha ya wa 1 hadi wa 180 hufanya hivyo kwa darasa zima, hata kwa wanaoongoza, ambao wanaanza kulinda nafasi na kuogopa maswali magumu. Kwa hiyo kupunguza maoni si dhambi. Hatari yake ni kwamba ukibakiza namba peke yake, umebakiza sehemu ile inayoelekea zaidi kwenye nafsi.

Kuongeza majaribio. Hapa usitupe kila kitu. Kujijaribu ni njia bora ya kukumbuka kuliko kurudia kusoma. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha hilo mwaka 2006 kwa wanafunzi wa chuo, tofauti ikionekana wazi baada ya wiki moja. Kilichokuharibia ni kushtukiza, na aina ya maswali. Yatangaze. Fanya 10, hesabu 8 yaliyo bora, maksi moja na robo kila moja, usivuke zile 10 ulizonazo. Badala ya "taja aina za sampuli" weka hali: mtafiti anataka kujua hivi, ana orodha hii, ana wiki mbili, achague vipi na atakosa nini. Majibu yajadiliwe palepale, dakika kumi. Ukiyapandisha maksi, woga utarudi na kukariri kutarudi pamoja nao.

Lakini ripoti ziko mezani usiku huu, kwa hiyo tuzungumze saa. Usianze kusahihisha. Soma 20 kwanza bila kalamu nyekundu, uorodheshe makosa yanayojirudia. Kwa somo lako nakisia yatakuwa matano au sita: swali pana mno, sampuli isiyoelezwa, jedwali lisilosomwa, uhusiano kufanywa kuwa sababu (mambo mawili yanakwenda pamoja, inadaiwa moja limeleta jingine), hitimisho linaloruka data. Andika karatasi moja kwa darasa zima, kila kosa na namba yake, mfano wake, na namna ya kulirekebisha. Saa mbili zinatosha. Kisha kwenye ripoti weka namba ya kosa pembeni, na mwishoni andika mambo mawili tu ya mtu huyo kwa jina lake: kimoja kilichofanya kazi na kwa nini, kimoja cha kubeba kwenda kazi inayofuata. Kwa dakika sita kila moja, utatumia saa 18 badala ya 36. Ripoti zitarudi ndani ya siku kumi. Ukiandika namba za makosa bila zile sentensi mbili, watasema mashine imewasahihisha, na hawatakuwa wamekosea sana.

Sentensi hizo ndizo zenye kazi. Badala ya "sampuli mbaya", jaribu: "Ukurasa wa 3 unasema watu 40 wanawakilisha chuo kizima, lakini uliwapata maktabani saa tano asubuhi. Nani hakuweza kuwapo saa hiyo? Hilo linapunguza nini kwenye hitimisho lako?" Ni ndefu kuliko neno "mbaya", ila mwanafunzi anajua aende ukurasa gani na ajiulize nini. Usirekebishe lugha. Ukijaza wino mwekundu kwenye tahajia, hawezi kutofautisha koma iliyokosewa na utafiti uliokosewa.

Muhula ujao, saa utakazookoa hivyo zitumie kabla ya ripoti ya pili. Chukua ripoti mbili za miaka iliyopita, kwa ruhusa ya wenyewe na majina yakiwa yamefutwa, moja nzuri na moja ya wastani. Wape vikundi vya watu watano dakika 30 wazipe maksi kwa vigezo vyako, watetee, halafu ndipo ufungue ulizotoa wewe. Kubishana kwao kwa nini hii ni 72 na ile 55 kutajibu tuhuma ya "anavyojisikia" kuliko maelezo yoyote. Usilete moja tu iliyo bora, maana utapokea nakala zake 180. Halafu wiki ya 8 omba ukurasa mmoja wa awali: swali, sampuli, na jedwali moja. Dakika nne kila mmoja, maoni mawili tu. Toa maksi 3 kati ya 15 kwa kuuleta na kuandika mwisho wa ripoti aliutumiaje. Ukiufanya hiari, wataleta wale wasiouhitaji.

Umeuliza kama ari ni yao au yako. Edward Deci na Richard Ryan, waliotumia miongo mingi kwenye swali hilo, wangesema mtu huja na yake, ila hunawiri au kunyauka kulingana na anachokutana nacho: kama ana uamuzi fulani mkononi, kama anaona anaweza, kama anahisi ni wa pale. Hiyo haikufanyi wewe kuwa mwenye ari ya watu 180. Inakupa sehemu. Kuwaachia wachague wenyewe swali la ripoti ya pili, kwa mfano, ni sehemu yako na haigharimu kitu.

Kuhusu mkuu wako, sidhani kama mnapingana sana. Anaogopa viwango kushuka, na hofu hiyo ni halali. Pia kuna ukweli kwamba woga husukuma: humsukuma anayejua afanye nini, na humfukuza asiyejua. Unaweza kumwendea na neno la kiwango badala ya neno la huruma. Mwaka 2014 David Yeager na wenzake waliandika kuhusu wanafunzi wa shule Marekani waliorudishiwa insha zenye maoni makali. Walioambiwa kwamba maoni yale yametolewa kwa sababu mwalimu anatarajia makubwa na anajua watayafikia, walirekebisha insha zao kwa wingi zaidi, hasa wale waliokuwa na sababu za kutomwamini mwalimu. Ukali ulibaki uleule. Mwombe ruhusa ya muhula mmoja, somo moja: maksi za ripoti zimfikie kila mtu peke yake badala ya ubaoni, na mwisho wa muhula mlinganishe pamoja matokeo ya mtihani na ya mwaka jana. Akikataa orodha iondolewe, mwombe angalau ipangwe kwa namba ya usajili badala ya nafasi. Hilo ni dogo kiasi kwamba hakuna anayeshindwa.

Nimeliacha la binti yule mwishoni kwa sababu hilo halisubiri muhula mpya. Hatujui kwa nini haji. Pengine si wewe kabisa. Pengine ni hesabu ya masomo aliyoifanya kwa utulivu, na ana haki nayo. Ila unajua kitu ambacho yeye huenda hajui: kwamba data yake ilikuwa nzuri na kosa lilikuwa kwenye ukurasa mmoja. Ukiamua kumwandikia, mwandikie yeye peke yake, usipitishe kwa wenzake wala kundi la darasa, na usimwulize kwa nini haji. Kitu kama hiki: "Nimerudia kusoma ripoti yako. Maoni niliyoandika hayakukusaidia, na kosa hilo ni langu. Data uliyokusanya inaweza kubeba hitimisho zuri. Shida iko ukurasa wa 6, ambako umedai sababu wakati jedwali linaonyesha uhusiano tu. Ukipenda kuupitia, nipo baada ya kipindi, dakika 15 zinatosha." Weka na tarehe ya mwisho ya kufuta somo, ili kama anaondoka aondoke akijua. Na akija, anza na jedwali lake, si na ile 34.